Wageni wa Paris katika Mei ya 1968

Wafanyakazi kutoka Ureno, Hispania na Aljeria waliogoma katika kiwanda cha magari cha Renault huko Boulogne-Billancourt, Mei 1968, walikuwa na hofu ambayo wenzao Wafaransa hawakuwa nayo, kwani sheria ya 1945 iliiruhusu serikali kumfukuza nchini mgeni yeyote aliyehesabiwa kuwa tishio kwa utulivu wa umma. Hata Daniel Cohn-Bendit, kiongozi wa wanafunzi walioandamana mwezi huo, aliyezaliwa Ufaransa lakini mwenye uraia wa Ujerumani, alipigwa marufuku kurejea Ufaransa. Akavuka mpaka kwa siri, nywele zake nyekundu zikiwa zimebadilishwa rangi, akatokea Sorbonne, chuo kikuu kilichokuwa mikononi mwa wanafunzi. Marufuku hiyo iliondolewa 1978, ilhali vibarua wa kigeni waliofukuzwa nchini, ambao ndio hasa waliopoteza riziki, hutajwa kwa nadra.