Kineno "a" kilivyofika Njombe

Mwanafunzi wa kidato cha kwanza Njombe akiandika "my father is farmer" au "an uniform", lawama hutupiwa Kiswahili: eti lugha yake haina kitu kama "a" na "an", basi akili yake haikizoei. Naona lawama hiyo inamwonea. Chanzo cha kosa kiko zaidi katika namna Kiingereza kilivyofikishwa nyanda hizi.

Kilifika kwa kuchelewa, tena darasani tu. Wamisionari wa Berlin walioingia Ubena, nchi ya Wabena huku Njombe, mwishoni mwa karne ya 19 walikuwa Wajerumani, na shule za serikali yao zilitumia Kiswahili. Waingereza walipoitwaa Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Kwanza, waliacha Kiswahili madarasa ya chini. Kiingereza kikawangoja wachache waliopanda juu. Mwaka 1967 Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia shule za msingi. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, ilikusanya watu Makambako, lakini Mbena, Mhehe na Mkinga waliokutana kwenye njia panda ya Iringa, Mbeya na Songea waliuziana viazi na vitenge kwa Kiswahili. Kineno "a" kikabaki kitu cha chaki, kikaonekana kabla ya kusikika.

Ndiyo maana kanuni ya ubaoni ikawa ya macho: "an" hukaa mbele ya a, e, i, o, u. Mtoto anaiona u, anaandika "an uniform". Anaiona h, anaandika "a hour". Amekuwa mtiifu kabisa, na amekosa mara mbili. Sikio lingemwambia kwamba "uniform" huanza kwa yu, kama yule, na "hour" huanza kwa irabu, h ikiwa kimya. Waingereza wenyewe walifuata sikio. "An" ndilo umbo la kale, lililotokana na neno lao la moja, na n ikadondoka mbele ya konsonanti. Walisikiliza hata wakapoteza mpaka wa maneno: "a napron" ya zamani ndiyo "an apron" ya leo.

Na dhana yenyewe ya "a"? Mtoto anayo. Msimulizi akisema "palikuwa na mzee mmoja" hahesabu wazee. Anamleta mtu ambaye bado hatumjui. Tukishamjua, ni "yule mzee". Mpinzani atajibu kwamba hakuna asemaye "baba yangu ni mkulima mmoja", ilhali Kiingereza kinadai "a farmer". Hoja hiyo ni nzito na naikubali: "mmoja" humvusha mwanafunzi nusu ya mto tu. Nusu iliyobaki ni mazoea, na mazoea ya lugha hujengwa kwa kusikia na kusema, mambo ambayo shule haikumpa nafasi ya kuyafanya.

Wapo pia wanaosema ni jambo dogo, maana inaeleweka tu. Lakini huyu mtoto akiingia sekondari husoma hata baiolojia kwa Kiingereza. Akikuta "few seeds germinated", anaambiwa mbegu zilizoota ni haba mno, karibu jaribio limeshindwa. Akikuta "a few seeds germinated", anaambiwa kadhaa zimeota. Tofauti yote imo katika herufi moja aliyozoea kuiruka.