Uzamili wa Kompyuta na Sanaa: Anza na Kazi Zako, Si na Wakala

Vijana wetu wanaomaliza masomo ya kompyuta katika vyuo vya hapa Pwani huniuliza swali moja kwa namna nyingi: "Naandika programu, lakini moyo wangu uko kwenye michoro, uhuishaji na muziki. Kuna shahada ya uzamili ya mtu kama mimi?" Ipo. Nimepata kusoma maombi ya vijana kadhaa kabla hayajatumwa, na hapa naweka yale ninayowaambia, ili hata mzazi anayeombwa pesa ajue zinakwenda wapi.

Milango si mmoja

Majina ya programu hizi yanafanana, lakini kila moja inamtafuta mtu wake. Chuo cha Dartmouth, Marekani, kina uzamili wa Sayansi ya Kompyuta wenye mkazo wa sanaa za kidijitali. Huko uko ndani ya idara ya kompyuta, kwa hiyo hesabu na programu lazima uwe umezimudu. Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, kina Media Arts and Technology, inayoendeshwa kwa pamoja na upande wa uhandisi na upande wa sanaa. MIT ina Media Arts and Sciences ndani ya Media Lab, iliyofunguliwa 1985. Pale unataja vikundi vya utafiti unavyotaka kufanya navyo kazi, na walimu wa vikundi hivyo ndio wanaoyapima maombi yako. Chuo Kikuu cha New York nacho kina ITP, iliyoanza 1979, ambayo hata asiyewahi kuandika programu hupokelewa.

Kabla ya kuchagua, tazama pesa. Wanafunzi wa Media Lab hulipiwa karo na kupewa posho, kwa kuwa wanafanya kazi kama wasaidizi wa utafiti. Programu nyingine nyingi za uzamili humwachia mwanafunzi mzigo mkubwa wa karo. Anayetaka Uingereza aangalie ufadhili wa Chevening: unalipia uzamili wa mwaka mmoja, unadai uzoefu wa kazi wa miaka miwili hivi, yaani saa 2,800, na unakutaka urudi nyumbani kwa miaka miwili baada ya masomo. Kupata nafasi bila pesa ya kuitumia ni sawa na kupewa ufunguo wa nyumba iliyo ng'ambo ya bahari huku huna chombo.

Kazi zako ndizo zitakazokusemea

Katika masomo haya alama nzuri pekee hazitoshi. Programu nyingi za aina hii hutaka pia potifolio, yaani mkusanyiko wa kazi ulizofanya kwa mikono yako. Hapa ndipo naona vijana wetu wanajipunja. Wengi huweka nembo za maduka, mabango ya harusi na tovuti waliyoifanya darasani. Si kazi mbaya, lakini anayeisoma hapati kujua wewe ni nani wala unauliza nini.

Pwani ina mali ambayo mwombaji wa kwingine hana. Chukua kanga. Ina pindo, ina mji, ina jina. Ukiandika programu inayochora pindo kwa kanuni, ikabadilisha umbo kila ukibadilisha namba moja, umeonyesha hesabu na jicho la sanaa kwa wakati mmoja. Milango ya nakshi ya Lamu na Mji wa Kale, Mombasa, ni hivyo hivyo: ua moja linarudiwa, linageuzwa, linaunganishwa na jingine. Fundi anajua kanuni hiyo kwa mkono; wewe iandike kwa programu.

Au chukua ushairi. Shairi la mizani kumi na sita kwa mshororo laonekana rahisi kuhesabiwa na kompyuta, maana silabi za Kiswahili zafuata irabu. Lakini ijaribu. Katika "mtu" ile m ni mizani peke yake, na neno lina mizani mbili. Katika "mbona" m imeungana na b, na neno lina mizani mbili vilevile ingawa herufi ni nyingi zaidi. Programu itakayotofautisha hayo, kisha igeuze vina kuwa rangi au sauti, ni kazi ya kumsimamisha profesa yeyote.

Vifaa si kisingizio. Processing, iliyoanzishwa 2001 na Casey Reas na Ben Fry walipokuwa Media Lab, ni ya bure. Blender, ya kuchora na kuhuisha vitu vya pande tatu, nayo ni ya bure. Kazi tatu au nne zilizokamilika zinatosha kuliko kumi zilizoachwa nusu. Kwa kila moja eleza kwa ufupi ulitaka nini, ulifanya nini mwenyewe, na wenzako walifanya nini. Ukipiga picha za kazi ya fundi au kurekodi sauti ya mzee, omba ruhusa na umtaje.

Makaratasi na tarehe

Vyuo vingi vya Marekani hufunga maombi kati ya Desemba na Januari kwa masomo yanayoanza Agosti au Septemba, basi anza mwaka mzima kabla. Kwa kawaida utahitaji hati ya matokeo ya chuo, insha ya kujieleza, na barua tatu za mapendekezo. Wahadhiri huzituma wenyewe kupitia mtandao, kwa hiyo wape wiki sita pamoja na nakala ya insha yako. Mtihani wa Kiingereza, TOEFL au IELTS, matokeo yake hudumu miaka miwili; soma kwanza kama chuo kinakusamehe kwa kuwa ulisomeshwa kwa Kiingereza. GRE vyuo vingi vimeiacha, Media Lab ikiwamo. Ada ya maombi nayo baadhi ya vyuo huweza kuisamehe kwa anayeomba mapema na kueleza hali yake.

Angalia pia saa. Usiku wa manane wa Boston mwezi Desemba ni saa mbili asubuhi Mombasa. Usingoje saa hiyo, umeme haukungoji wewe.

Ukikubaliwa zaidi ya mahali pamoja, usiharakishwe. Vyuo vingi vya Marekani vimekubaliana kumpa mwanafunzi aliyeahidiwa ufadhili hadi Aprili 15 kuamua. Linganisha barua, kisha ujibu.

Kwa wazazi

Nimeona familia zikiuza kiwanja kumlipa wakala aliyeahidi "nafasi ya uhakika". Hakuna wakala mwenye nafasi ya kuuza. Maombi hufanywa kwenye tovuti ya chuo chenyewe, na ada hulipwa huko huko. Ukitaka kumsaidia mwanao, mnunulie kompyuta inayofaa, mlipie intaneti, na mwachie miezi ya kufanya kazi zake. Hiyo ndiyo pesa itakayoonekana kwenye maombi yake, na hata akikosa nafasi mwaka huu, ujuzi na kazi hizo zitabaki kuwa zake.