Malezi ya mtoto mwenye nyonga legevu

Nyonga legevu ni hali ya mtoto mchanga ambaye kichwa cha mfupa wa paja lake hakikai sawasawa kwenye kikombe cha nyonga. Pengine kikombe hakina kina cha kutosha tu, pengine kichwa kinachezacheza, na pengine kimetoka kabisa. Mtoto haumwi wala halii, na ananyonya kama wenzake. Ndiyo maana wazazi wengi hushtuka pale tu anapoanza kutembea akichechemea. Hali hii huwapata zaidi watoto wa kike, wazaliwa wa kwanza, waliotanguliza makalio tumboni, na wale ambao mzazi au ndugu yao aliwahi kuwa nayo. Nyonga ya kushoto huathirika zaidi kuliko ya kulia.

Huko Simbo, kata ya Wilaya ya Kigoma, mtoto hukua mgongoni. Mama huenda naye shambani, kisimani na sokoni, mapaja yamepanuka kiunoni mwake na magoti yamekunjwa. Mkao huo hukisukuma kichwa cha paja katikati ya kikombe, na kikombe kikazidi kuchimbika kadiri mfupa unavyokomaa. Watafiti wa Malawi waliopitia kumbukumbu za kliniki za mifupa za watoto zaidi ya 40,000 hawakukuta hata mmoja aliyefanyiwa upasuaji wa nyonga legevu, wakaihusisha hali hiyo na mbeleko. Japani ilijifunza kwa njia nyingine: kuanzia mwaka 1975 wazazi walihimizwa kuacha kuwafunga watoto miguu ikiwa imenyooshwa, na ugonjwa ukapungua sana.

Sifa hiyo ya mbeleko ni ya haki, lakini ina hatari yake. Ugonjwa unapokuwa adimu, hakuna anayeutafuta. Mbeleko haitibu nyonga iliyokwisha kutoka, wala haimfikii mtoto katika wiki za kwanza anapolala amefungwa khanga kwa kubanwa, miguu imenyooka kwa kuogopa baridi. Mtoto afunikwe, ila miguu iachwe huru kukunjika. Na kama bibi ana desturi ya kumkanda mjukuu kwa kumvuta miguu au kumning'iniza kwa vifundo, aombwe kwa heshima aiache sehemu hiyo na aendelee na mengine.

Uchunguzi unahitaji mikono iliyofundishwa. Marino Ortolani wa Italia alieleza kipimo chake mwaka 1937, na Barlow wa Uingereza akaeleza cha kwake mwaka 1962. Katika vyote nyonga hukunjwa kwanza; cha Ortolani hupanua mapaja polepole, na cha Barlow huyaleta katikati huku yakisukumwa nyuma kidogo. Mama anapopeleka mtoto kuchanjwa akiwa na wiki 6, 10 na 14, ana haki ya kumwomba muuguzi ampanue mtoto mapaja na kuangalia. Paja moja linalogoma kufunguka ndiyo dalili ya kuifuatilia zaidi mtoto anapofikisha miezi 3. Mikunjo ya ngozi isiyolingana pekee haitoshi, kwani watoto wengi wazima wanayo. Utrasaundi hufaa miezi ya mwanzo, kwa sababu kichwa cha paja bado ni gegedu; baadaye hupigwa eksirei.

Kwa mtoto wa chini ya miezi 6, tiba inayoanza ni mikanda ya Pavlik, iliyopewa jina la Arnold Pavlik, daktari wa Kicheki. Mikanda hupita mabegani na kushika miguu ikiwa imekunjwa na kupanuka, na kwa kawaida huvaliwa usiku na mchana kwa wiki 6 hadi 12. Malezi hubadilika kwa mambo madogo. Fulana nyepesi na soksi ndefu zikae chini ya mikanda, nepi pia. Mtoto afutwe kwa kitambaa chenye maji badala ya kuogeshwa kwenye beseni, iwapo daktari hajaruhusu mikanda ivuliwe. Wakati wa kumbadilisha nepi, mkono upite chini ya makalio. Asiinuliwe kwa miguu. Alale chali. Mama asiilegeze wala kuikaza mikanda kwa huruma: ikikunja mno huweza kubana neva, na ikipanua mno damu haifiki vizuri kwenye kichwa cha paja. Mtoto akiacha kurusha mguu, arudishwe hospitali mara moja.

Mikanda ikishindwa, au mtoto akigunduliwa baada ya miezi 6, nyonga hurudishwa akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi, kisha hufungwa plasta ngumu kuanzia kiunoni hadi miguuni kwa takriban miezi 3. Hapa ndipo familia huelemewa. Nepi ndogo huchomekwa ndani ya uwazi wa plasta na kubwa hufungwa juu. Mtoto hugeuzwa kila baada ya saa chache, na vidole vya miguu hutazamwa: vikiwa baridi, vimevimba au vimebadilika rangi, hakuna kusubiri kesho. Harufu mbaya au homa pia si ya kupuuzwa, hasa wakati wa joto. Mtoto ni mzito na hakai mgongoni kwa mbeleko ya kawaida, kwa hiyo shamba la mihogo na uwanja wa kuanikia dagaa lazima vipate mikono mingine. Baba, shangazi na dada wakubwa wajifunze kumbeba na kumbadilisha tangu siku ya kutoka hospitali. Kumwachia mama peke yake ni kumwonea.

Safari nayo ni sehemu ya tiba. Mikanda huhitaji kukaguliwa kila wiki moja au mbili. Kwa Simbo, hospitali ya rufaa ya mkoa ni Maweni, mjini Kigoma. Upasuaji mgumu huweza kumpeleka mtoto Bugando jijini Mwanza au Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam. Afadhali familia ipange nauli ya marudio kabla ya kuanza, maana tiba iliyokatizwa katikati huweza kumwacha mtoto na kilema ambacho kingeepukika.

Baada ya kupona, mtoto huendelea kupigwa eksirei kwa vipindi hadi mifupa ikomae. Mdogo wake atakapozaliwa, muuguzi aambiwe habari za kaka au dada huyo, na nyonga zake zichunguzwe mapema.