Kumbukumbu ya wahanga wa mashambulizi ya anga ya Tokyo

Kumbukumbu ya wahanga wa mashambulizi ya anga ya Tokyo hufanyika nchini Japani kila tarehe 10 Machi, kuwakumbuka raia waliouawa kwa mabomu wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Tangu mwaka 1990 siku hiyo ni Siku ya Amani ya mji wa Tokyo.

== Shambulio ==
Usiku wa kuamkia tarehe 10 Machi 1945, ndege za Marekani aina ya B-29 zipatazo 280 ziliruka kutoka Visiwa vya Mariana na kudondosha mabomu ya moto juu ya mitaa ya mashariki ya Tokyo. Nyumba nyingi zilikuwa za mbao na zilisongamana, na upepo mkali uliusambaza moto haraka. Watu wengi waliokimbilia mto Sumida na mifereji walikufa humo. Eneo la kilometa za mraba 41 hivi liliteketea. Idadi ya waliofariki hukadiriwa kuwa takriban 100,000, na zaidi ya milioni moja walikosa makazi.

== Mahali pa kumbukumbu ==
Maiti nyingi hazikutambuliwa, zikazikwa kwa haraka katika makaburi ya pamoja, yakiwemo ya bustani za mji. Baada ya vita zilifukuliwa na kuchomwa, na majivu yakawekwa katika jengo la ukumbusho la bustani ya Yokoamicho. Jengo hilo lilikamilika mwaka 1930 kwa ajili ya waliokufa katika tetemeko la ardhi la Kanto la mwaka 1923. Hivyo wahanga wa maafa hayo mawili wamelazwa pamoja.

Mwaka 2001 mnara wa ukumbusho ulijengwa katika bustani hiyo. Ndani yake huhifadhiwa orodha ya majina ya waliofariki.

Mpango wa serikali ya mji kujenga makumbusho ya amani ulisimamishwa mwaka 1999 kutokana na mabishano. Mwaka 2002 wananchi walifungua kituo chao cha kumbukumbu katika wilaya ya Koto kwa michango yao wenyewe. Mkurugenzi wake wa kwanza alikuwa mwandishi Katsumoto Saotome (1932–2022), aliyenusurika shambulio hilo akiwa na umri wa miaka 12.

== Madai ya fidia ==
Tangu mwaka 1952 serikali ya Japani huwalipa wanajeshi waliojeruhiwa vitani na familia za waliofariki. Raia waliopigwa na mabomu ya kawaida hawakuingizwa katika sheria hiyo.

Mwaka 2007 manusura na wafiwa zaidi ya 100 waliishtaki serikali, wakidai fidia na kuombwa radhi. Mwaka 2009 mahakama ya Tokyo ilitupilia mbali madai yao, ikisema kwamba suala hilo ni la bunge kuamua. Rufaa yao ya mwisho ilikataliwa na Mahakama ya Juu mwaka 2013.