Unakimbizwa na Nani?

Julai 1954, Lazaro Chepkwony, Mnandi, alisimama kwenye mstari pale White City, London, bila viatu. Mbio zilikuwa za maili sita. Alikuwa mmoja wa Wakenya wa kwanza kushindana Uingereza. Mara akaongeza kasi, mara akapunguza, wenzake hawajui wamfuate au wamwache. Kisha akajitoa kabla ya kumaliza.

Wengine wana mabingwa wa Iten ukutani. Mimi, ninayemaliza kilomita tano kwa dakika arobaini, shujaa wangu ni huyo.

Lakini mwaka huo una upande wa pili. Hali ya Hatari ilikuwa imetangazwa Oktoba 1952. Aprili 1954, Operesheni Anvil iliwakamata Wakikuyu, Waembu na Wameru kwa maelfu jijini Nairobi na kuwapeleka kizuizini. Huku mlimani, kuanzia mwaka huo, familia zilitolewa mashambani zikasongwa kwenye vijiji vya kulindwa. Kulikuwa na kafyu, na kutoka eneo lako ulihitaji pasi. Agosti, Nyandika Maiyoro anamaliza wa nne katika maili tatu kule Vancouver, watu wanapiga makofi. Hapa Embu na Meru, ukikimbia alfajiri karibu na msitu, askari hakuulizi unajiandaa kwa mashindano gani.

Ndiyo maana siku hizi naskia tofauti lile swali ambalo kila mkimbiaji wa barabara ya Embu–Meru hulijua: "Kijana, unakimbizwa na nani?" Boda naye hupunguza mwendo: "Buda, panda, fifty tu." Watoto wa shule hunipita na mabegi mgongoni, tena wakipiga stori. Tunacheka wote.

Ila kwa mtu wa miaka themanini na kitu, nadhani swali hilo halikuanza kama utani. Aliona watu wakikimbia, na kila mmoja alikuwa na kitu nyuma yake. Kukimbia bure, jasho la bure, halafu urudi nyumbani ulikotoka, ni anasa iliyochelewa kufika huku.

Kwa hivyo akiniuliza shosho, sipiti tu na earphones. Nasimama, nahema kwanza, ndio nijibu: "Hakuna, shosho. Najikimbiza tu."

Hutikisa kichwa, akaniambia nifunge kamba ya kiatu.