Posho ya Nyumba: Mama wa Nyumbani wa Bujumbura tangu Foyer Social ya 1946

Katika fomu nyingi tunazojaza shuleni na chuoni kuna nafasi ya kuandika kazi ya baba na kazi ya mama. Kwa baba tunaandika mwalimu, dereva, askari, mfanyabiashara. Kwa mama wengi wetu tunaandika neno moja la Kifaransa, "ménagère", na tukiulizwa kwa Kiswahili tunasema ni mama wa nyumbani, au hata kwamba hafanyi kazi. Jibu hilo la mwisho hutolewa na mtoto aliyelishwa na huyo huyo asiyefanya kazi, kwa pesa ambayo ameigawa mara nne kabla jua halijapanda: ya makaa, ya maharage, ya mafuta ya mawese, na inayobaki ni ya mgonjwa au ya daftari.

Hoja ya insha hii ni kwamba mama wa nyumbani wa aina hiyo, anayengoja pesa ya mume kisha kuulizwa imeenda wapi, si mtu wa desturi ya kale. Ana tarehe yake. Alitengenezwa katika mji huu, wakati ulipoitwa Usumbura, na mshahara wa kikoloni, shule ya wanawake, na kodi. Nikisema alitengenezwa simaanishi kwamba wanawake walikubali kila walichoambiwa. Wapo waliokataa, na hao nitawafikia.

Kwa kuwa sisi ni wanafunzi wa lugha, nianze na neno. Pesa ya chakula ambayo mume humwachia mkewe huitwa posho. Neno hili lilisafiri na misafara ya karne ya 19 kutoka pwani kuja Tabora, Ujiji na kuvuka ziwa hadi Manyema. Posho ilikuwa haki ya mpagazi: chakula cha siku, au kitambaa na shanga za kununulia chakula njiani. Baadaye makampuni na serikali za kikoloni zililichukua neno hilo hilo. Kule Katanga, wafanyakazi wa migodi waligawiwa posho kila juma, na desturi hiyo ikaacha alama katika lugha: kwa Kilingala "poso" maana yake ni wiki. Watu walihesabu siku zao kwa mgao wa unga. Nchini Uganda posho ni ugali wenyewe. Kwetu imeingia ndani ya nyumba na kuwa jambo la mume na mke. Sidhani kama ni bahati mbaya tu ya lugha. Neno la mwajiri na mpagazi lilipohamia jikoni, lilibeba pia ule uhusiano wake: mmoja anatoa, mwingine anapokea, na anayetoa ana haki ya kukagua.

Milimani mambo hayakuwa hivyo. Sitaki kupamba maisha ya zamani, kwani mwanamke wa Burundi alilima kuanzia alfajiri, na ng'ombe na ardhi havikuwa vyake. Lakini maharage, mtama na viazi alivyovuna vilikuwa chini ya mkono wake. Yeye ndiye aliyejua ghala lina nini, kipi ni cha mbegu na kipi ni cha kula, na njaa ya miezi ya kabla ya mavuno itapitwa vipi. Hiyo nayo ni bajeti, tena ngumu, ila haikupitia mfukoni mwa mtu mwingine. Familia iliposhuka mjini kutafuta mshahara, ghala lilibaki mlimani. Mume akawa na karatasi ya malipo. Mke akawa na sufuria.

Mshahara wenyewe ulikuwa na kasoro ya kuzaliwa. Kwa muda mrefu waajiri wa kikoloni, si Wabelgiji peke yao, waliwalipa Waafrika kama watu wasio na familia, kwa kudhani kwamba mke na watoto wanalishwa na shamba kijijini. Union Minière ya Katanga ndiyo iliyoanza mapema, mwishoni mwa miaka ya 1920, kutaka wafanyakazi wakae na wake zao karibu na mgodi, na ikatoa mgao wa chakula kwa mke na watoto pia. Usumbura haukuwa mji wa mgodi. Ulikuwa mji wa bandari, maghala, ofisi na maduka, na mtu aliyekaa humo na mke na watoto alipaswa kununua karibu kila kitu sokoni.

Hapo ndipo tunapokutana na Foyer Social. Mwaka 1946 wanawake wa Kizungu walianza kuwafundisha wanawake wa Kiafrika wa Usumbura namna ya kuwa wake na mama wa nyumbani. Mwanahistoria Nancy Rose Hunt ameandika juu ya kituo hiki katika makala yake ya mwaka 1990, inayohusu miaka 1946 hadi 1960, na ningependa kila mwanafunzi wa mji huu aisome, kwa sababu humo tunawaona bibi zetu wakiwa darasani. Walifundishwa kushona na kutia viraka, kufua na kupiga pasi, kupika, kutunza mtoto mchanga na kupanga nyumba. Na somo halikuishia darasani. Walimu walikwenda kutembelea nyumba kuona kama yaliyofundishwa yanafanyika. Mwanamke aliweza kushona vizuri mbele ya mwalimu, kisha akaonekana mvivu kwa sababu ya kitanda kisichotandikwa.

Tusiwe wepesi wa kucheka wala wa kulaani. Shule za wasichana zilikuwa chache mno. Shule ya Astrida, iliyotoa makarani na wasaidizi wa utawala wa Ruanda-Urundi nzima, ilikuwa ya wavulana. Kwa wanawake wengi Foyer ilikuwa ndiyo shule pekee waliyoweza kuingia. Kujua kumhudumia mtoto anayeharisha si jambo la kudharau, na mkono unaojua sindano unaweza kuleta pesa. Zaidi ya hayo, mke wa karani aliyetoka mle alipata heshima mtaani. Ukitaka kujua kwa nini bibi fulani hadi leo anapanga vitambaa vyeupe vya kufuma juu ya viti vya sebuleni, tena vilivyopigwa pasi, huenda jibu liko katika miaka ile.

Lakini angalia somo lilivyopangwa. Nguo ikichanika, mke ajue kutia kiraka. Chakula kikipungua, mke ajue kupika kwa uangalifu. Mtoto akidhoofika, mke ajifunze lishe. Kila upungufu wa nyumba uligeuzwa kuwa upungufu wa maarifa ya mwanamke. Swali la kama mshahara wa mume ungetosha hata kama mke angekuwa hodari kuliko wote halikuwa somo la Foyer, na lisingeweza kuwa, kwa kuwa waliokuwa wanalipa mishahara hiyo na waliotaka kituo kiwepo walikuwa upande mmoja. Kwa maoni yangu huu ndio urithi mkubwa tulioachiwa, mkubwa kuliko vile vitambaa. Bado tunasikia semina, mahubiri na ushauri wa shangazi siku ya harusi, vyote vikisema kwamba nyumba haina pesa kwa sababu mama hajui kupanga.

Nyumba nazo zilifuata mpango huo huo. Katika miaka ya 1950 ofisi ya makazi ya Waafrika, OCAF, ilijenga mtaa wa Ngagara, ambao wazee wengine bado wanauita Ocaf. Nyumba zilipangwa kwa mstari, kila moja kwa baba, mama na watoto wao. Shangazi, mjomba au mtoto wa ndugu aliyekuja kutafuta shule hakuwamo kwenye mchoro. Alikuja hata hivyo, kama tujuavyo, na posho haikuongezeka kwa sababu yake.

Upande wa pili wa mji mambo yalikuwa mengine. Buyenzi ulikuwa, na bado ni, mtaa wa Waswahili: Waislamu wenye asili ya Ujiji, Manyema, Uvira na milima yetu wenyewe, waliounganishwa na dini na Kiswahili. Wanawake wengi wa mitaa ya Usumbura hawakungoja posho. Mjini palikuwa na wajane, wanawake walioachwa, na wake wa pili ambao utawala haukuwatambua, kwa sababu ulikuwa unaipiga vita ndoa ya wake wengi. Waliuza chakula na pombe, walipangisha vyumba, walifanya biashara ndogondogo. Kwa maneno ya leo tungesema walikuwa wajasiriamali na tungewapa semina. Utawala wa Kibelgiji uliwapa kodi.

Kodi hiyo ilitozwa katika miji ya Kongo ya Kibelgiji na pia Usumbura, na jina lake katika karatasi za serikali linastahili kusomwa taratibu: kodi ya wanawake "wanaoishi peke yao kinadharia". Neno "kinadharia" lilifanya kazi kubwa. Mjane anayeishi na watoto sita na mama yake mzee aliishi peke yake kinadharia. Mke wa pili aliyeolewa kwa shehe na mashahidi aliishi peke yake kinadharia. Kwa watawala mwanamke alikuwa wa aina mbili: mke wa mtu mmoja, ambaye pesa yake ni ya mumewe, au mwanamke mwenye pesa yake, ambaye lazima aelezwe pesa hiyo imetoka wapi. Na maelezo yalikuwa tayari vichwani mwao. Katika miaka ya 1950 wanawake Waislamu wa Buyenzi waliikataa kodi hiyo kwa kelele zilizofika ofisini, na Hunt ameliandikia tukio hilo makala nyingine. Kilichowachoma hakikuwa kiasi cha faranga tu. Ilikuwa ni kuhesabiwa kundi moja na malaya.

Ukiziweka Foyer na kodi hiyo pamoja unaona mlango mmoja uliofunguliwa na mwingine uliofungwa. Mwanamke aliyekaa nyumbani alipewa darasa na sifa. Mwanamke aliyejitafutia alipewa risiti ya kodi na jina baya. Sisemi kwamba kulikuwa na afisa mmoja aliyekaa akapanga yote mawili. Serikali haiwi na akili moja namna hiyo. Lakini kwa binti aliyekuwa anakua Buyenzi au Bwiza, uliokuwa ukiitwa Belge, njia ya heshima ilionekana ni ipi.

Uhuru ulikuja tarehe 1 Julai 1962, Usumbura ukawa Bujumbura, na tangu 1964 tukawa na faranga yetu. Ndani ya nyumba mabadiliko yalikwenda polepole zaidi. Sheria ya Watu na Familia ya mwaka 1993 iliendelea kumtaja mume kuwa mkuu wa familia, ingawa iliongeza kwamba aifanye kazi hiyo kwa faida ya wote, na mke aishike nafasi hiyo mume asipokuwepo. Ni sentensi fupi, lakini katika suala la pesa ina uzito: mkuu ndiye anayejua kiasi cha mshahara, na si wake wote wa mji huu wanaojua.

Mwaka huo huo vita vilianza, na hapo mkuu wa familia wengi hakuwepo kweli. Baada ya mapinduzi ya Julai 1996 nchi jirani zilituwekea vikwazo vya biashara, vilivyodumu hadi Januari 1999. Wanasiasa wanavikumbuka kwa mikutano ya Arusha. Jikoni vinakumbukwa kwa bei, na kwa foleni. Mwanamke aliyefundishwa kwamba bajeti ni kupanga vizuri alijifunza sasa kwamba unaweza kupanga vizuri jioni na asubuhi mpango ukawa karatasi tu. Waliomudu walikuwa mara nyingi wale waliothubutu kutoka: fungu la ndagala, beseni la lengalenga, meza ya sabuni na chumvi mbele ya nyumba. Soko kuu la Bujumbura lilipoungua tarehe 27 Januari 2013, walioangamia kibiashara hawakuwa matajiri wenye maduka peke yao. Mikopo midogo ya wanawake iliungulia humo, na michango ya tontini.

Jambo la mwisho ni la juzi tu. Mei 2023 faranga ilishushwa thamani kwa kiwango kikubwa. Mwezi uliofuata, Benki ya Jamhuri ilitangaza kwamba noti za 5.000 na 10.000 zilizotolewa mwaka 2018 zinaondolewa, na watu wakapewa siku kumi kuzipeleka benki. Wachumi walizungumzia pesa zilizofichwa na wafanyabiashara wakubwa. Mimi nilifikiria akiba nyingine, ile isiyo na akaunti: faranga zinazopunguzwa mia mia kutoka kwenye posho, zinazofungwa kwenye pindo la kitenge au kuwekwa chini ya unga, kwa ajili ya siku mtoto atakapofukuzwa shule au mume atakapofukuzwa kazi. Akiba hiyo ni siri, kwa sababu kwa anayetoa posho ingeonekana kuwa ushahidi kwamba posho ilikuwa nyingi mno. Mama mwenye noti tatu za namna hiyo alikuwa na siku kumi za kuamua: azipeleke benki ambako hana akaunti, amtume mtoto, amwombe jirani anayeaminika, au amwambie mumewe. Na kama aliamua kumwambia, alipaswa kwanza kutafuta maneno ya kueleza jinsi mtu asiyefanya kazi alivyopata faranga 30.000.