Mnyoo wa nyangumi kwenye tumbo la Mholanzi

Wadau, Waholanzi na heringi ni kama sisi na dagaa, ila wao hawapiki. Mtu anasimama kibandani, anamshika samaki mkia, anainua uso juu na kumteremsha mdomoni, chumvi kidogo tu. Wamemla hivyo vizazi na vizazi. Basi kwa nini balaa lije kugunduliwa 1955?

Mwaka huo mgonjwa mwenye maumivu makali ya tumbo alikutwa na lava wa mnyoo kwenye ukuta wa utumbo. Alikuwa amekula heringi. P. H. van Thiel wa Leiden na wenzake walitangaza habari hizo mwaka 1960, na mwanzoni walidhani mnyoo huyo ni wa papa. Miaka miwili baadaye alitambuliwa kuwa Anisakis, ambaye nyumbani kwake ni tumbo la nyangumi au pomboo.

Msidhani ni ubishi wa majina tu. Mayai hutoka na kinyesi cha nyangumi, lava humezwa na krili (jamaa wa uduvi), krili huliwa na samaki, samaki huliwa na samaki mkubwa zaidi. Hapo katikati mnyoo hachagui: heringi, salmoni, ngisi, wote sawa. Hujikunja matumboni mwao akisubiri nyangumi. Akimezwa na binadamu amepotea njia. Hawezi kukomaa, lakini kabla ya kufa huutoboa ukuta wa tumbo, na hapo ndipo mtu hujikunja kwa maumivu.

Na 1955? Zamani wavuvi walimtoa heringi matumbo palepale baharini na kumshindilia chumvi. Barafu ilipoenea melini, samaki alianza kufika bandarini mzima, na mnyoo akapata muda wa kuhama kutoka matumboni kwenda kwenye nyama. Chumvi nayo ilikuwa imepunguzwa kwa ajili ya ladha. Hayo ndiyo maelezo waliyotoa wataalamu, nami naona yana mantiki.

Mwaka 1968 serikali ikaagiza heringi wa kuliwa mbichi agandishwe kwa nyuzi 20 chini ya sifuri kwa saa 24. Ugonjwa ukapungua sana. Japani, wanakopenda samaki mbichi ambaye hajagandishwa, bado wanaugua wengi. Lakini heringi "mpya" wa Juni, anayeshangiliwa Uholanzi kila mwaka, ameshapitia kwenye friza.